Mtoto anapigwa kila Jumapili: ntajuaje klabu changa inakua au inakufa?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 15, anacheza mpira wa Australia kwenye klabu iliyoanzishwa mwaka juzi huku kwetu Blacktown, Sydney. Wanapigwa kila Jumapili, wiki iliyopita wamefungwa kwa tofauti ya pointi 112. Mtoto akirudi nyumbani hata kula hataki. Baba yake anasema tumhamishie ile klabu kongwe ya mtaa wa pili maana wenzao wanashinda. Nimesikia hata Giants, ile klabu ya ligi kuu ya huku Sydney magharibi, walianza hivyohivyo, ni kweli? Na ntajuaje kama hii klabu inakua au ndo inakufa?

JIBU:

Dada yangu pole sana, na kijana mpe pole yake kutoka kwangu. Mi nafundisha vijana mchezo huu na hili swali naulizwa na wazazi kila ikifika katikati ya msimu, kwa hiyo usidhani uko peke yako.

Nianze na la Giants. Ndiyo ni kweli, na ilikuwa mbaya kuliko ulivyosikia. Ila kabla sijafika huko nataka nikwambie kitu ambacho ndo jibu langu lote: klabu changa haifi kwa kufungwa. Inakufa watu wakianza kuondoka. Kwa hiyo ukienda uwanjani Jumapili usikodolee macho ubao wa matokeo, we angalia nani bado yupo na nani hajaonekana.

Sasa hizo pointi 112. Najua kwa sisi tuliokulia kwenye soka hiyo namba inatisha, maana tukisikia timu imefungwa 7 tunasema hapo hakuna timu. Lakini mchezo huu goli moja ni pointi 6, na ukikosa goli mpira ukapita kwenye nguzo za pembeni unapata pointi 1, kwa hiyo 112 ni kama magoli 18 na ushee. Bado ni mengi, sikatai. Ila angalia yanavyoingia. Kwenye soka ukifungwa goli mpira unapewa wewe uuanzishe, unapata pumzi, unapasiana nyuma hata dakika mbili watu watulie. Huku hapana, ukifungwa mpira unarudi katikati, mwamuzi anaurusha juu na mnaugombania upya, na kama wale wenzenu wana mtu mrefu anayeruka vizuri na viungo wenye nguvu basi wanauchukua tena, wanafunga tena, unarudi katikati, wanauchukua tena. Hakuna kuotea, hakuna kupaki basi, uwanja wenyewe ni duara refu kubwa kuliko uwanja wa soka na mko 18 kila upande, ukijaza watu nyuma unaacha nafasi kwingine kote. Ndo maana timu iliyozidiwa kidogo tu pale katikati inaweza kufungwa magoli matano ndani ya dakika kumi, na mzazi aliyekaa pembeni anaona kama watoto wameacha kucheza wakati wanajituma vilevile.

Kingine ni miili. Mchezo unakimbia robo nne, watu wanagongana, wanakamatana, wanaangushana, na kijana ambaye hajakomaa anaweza kushindana vizuri robo ya kwanza na ya pili halafu ya tatu miguu inakataa. Hata kwa wakubwa ni hivyo. Gold Coast Suns walipoingia ligi kuu, AFL, mwaka 2011 kama klabu ya 17, kikosi kilikuwa kimejaa vijana wa miaka 18 na 19, mechi ya kwanza Aprili 2 pale uwanja wa Gabba, Brisbane, klabu ya Carlton wakawafunga kwa tofauti ya pointi 119. Mule ndani alikuwemo Gary Ablett mwenyewe, kapteni, mchezaji bora wa kizazi chake, ametoka klabu ya Geelong na vikombe viwili. Mtu mmoja hata awe nani hawezi kuwabebea wenzake 17 ambao bado miili inajengeka. Baadaye msimu uleule Geelong wakawapiga kwa 150.

Kwa hiyo mwanao na wenzake wakipigwa kwa 112 na watoto waliocheza pamoja tangu wana miaka sita, mimi sishangai hata kidogo.

Haya, Giants. Hawa ni majirani zako kabisa, na miaka ile ya mwanzo mazoezi yao yalikuwa hapohapo Blacktown kwenye viwanja vya Sportspark. Waliingia 2012 kama klabu ya 18, kocha Kevin Sheedy, mzee aliyeifundisha Essendon kuanzia 1981 mpaka 2007 akachukua mataji manne. Mechi ya kwanza dhidi ya Swans, klabu nyingine ya Sydney, wakafungwa kwa 63. Ushindi wa kwanza ukaja Mei Canberra, tena dhidi ya Suns, wachanga kwa wachanga. Msimu ukaisha wameshinda mechi 2 kati ya 22. Watu wakasema sawa mwaka wa kwanza ndo hivyo, wa pili mtaona. Wa pili wakashinda MOJA. Moja kati ya 22, waliifunga klabu ya Melbourne tu. Jumla miaka miwili mechi 44, ushindi 3.

Sasa jiulize, mwaka ule wa mechi moja kulikuwa na nini cha kuona? Kulikuwa na Jeremy Cameron, kijana wa miaka 20, kafunga magoli 62 kwenye timu inayopigwa kila wiki, akachaguliwa timu bora ya mwaka ya ligi nzima. Kulikuwa na Callan Ward na Phil Davis waliopewa ukapteni wakiwa bado wadogo. Kulikuwa na Toby Greene, Stephen Coniglio, Lachie Whitfield. Mtu aliyekuwa anasoma msimamo tu aliona timu ya mkia. Aliyekuwa anakwenda uwanjani aliona vijana walewale wanarudi kila wiki wanazoeana. Halafu ikaanza: 2014 chini ya kocha mpya Leon Cameron ushindi 6, 2015 ushindi 11, 2016 ushindi 16 na wakakosa fainali kuu kwa pointi 6 tu mbele ya Western Bulldogs, ambao ndo wakawa mabingwa mwaka huo. 2019 wakafika fainali kuu yenyewe. Walipigwa na Richmond kwa 89, iliuma, lakini walifika.

Kuna jambo walilolifanya mapema ambalo watu wengi hawalitaji, na mi naona lina uzito kuliko hata vipaji. Walichukua wazee wanne wa kucheza na wale watoto: Luke Power aliyechukua mataji matatu na Brisbane, Chad Cornes na Dean Brogan waliokuwa mabingwa na Port Adelaide 2004, na James McDonald aliyewahi kuwa kapteni wa Melbourne. Miguu yao ilishachoka, hakuna aliyetegemea wawashindie mechi. Kazi yao ilikuwa kumwonesha kijana wa miaka 18 mtu mzima anaishije baada ya kupigwa kwa pointi 100, Jumatatu anaamka anakwenda kufanya nini, anakula nini, anaongea vipi na mwenzake aliyeharibu. Walipoanza kupata nguvu wakaongeza wengine kama Heath Shaw na Shane Mumford, watu wagumu wenye mataji, ili watoto wasipigwe tu bila mtu wa kuwatetea pale katikati.

Upande wa pili tuwatazame Suns, maana hapa ndo somo lako liko. Klabu zote mbili zilipewa misaada inayofanana na ligi, nafasi za kwanza kwenye drafti ya kuchagua vijana, ruhusa ya kuchukua wachezaji waliomaliza mikataba kwenye klabu nyingine. Suns walianza vizuri kuliko Giants kwa matokeo: 2011 ushindi 3, ukiwemo ule dhidi ya Port Adelaide ambao walikuwa nyuma kwa pointi 40 wakarudi wakashinda kwa 3. 2013 wakafika ushindi 8 na Ablett akachukua medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi. 2014 walikuwa kwenye mbio za nane bora kabisa, yaani timu zinazoingia mtoano wa kugombea ubingwa, halafu Ablett akaumia bega kwenye mechi na Collingwood, timu ikaporomoka, wakaishia ushindi 10, na kocha Guy McKenna akafukuzwa. Kumbuka huyo ndo kocha aliyeipandisha timu kutoka 3 hadi 10.

Kuanzia hapo wakaanza kuondoka. Charlie Dixon, Harley Bennell, Jaeger O'Meara, Dion Prestia, Ablett mwenyewe akarudi Geelong, halafu mwisho wa 2018 Tom Lynch na Steven May, wote wawili walikuwa makapteni wa timu, wakatoka dirisha moja. Unaelewa maana yake kwa kijana wa miaka 19 aliyebaki mule chumbani? Kila mwaka anajenga kuelewana na mtu, mwaka unaofuata yule mtu yuko Melbourne anacheza na wengine. Ushindi ukawa 4, 6, 6, 4, na 2019 wakarudi kwenye 3 wakifungwa mechi 18 mfululizo. Msimu wa tisa, matokeo ya msimu wa kwanza. Vipaji walikuwa navyo dada, tena vingi, tatizo havikukaa.

Na sababu ya kutokukaa iko wazi. Vijana wengi wanaochaguliwa wanatoka Victoria, Australia Kusini na Australia Magharibi, huko ndo mchezo huu uko kwenye damu, Queensland waliko Suns na New South Wales waliko Giants ni watu wa ragbi. Kijana wa miaka 18 anapelekwa mbali na mama yake, timu inapigwa, anajeruhiwa, mkataba ukiisha anataka nyumbani. Giants nao walipoteza watu, tusidanganyane, Tom Boyd aliondoka baada ya mwaka mmoja, Adam Treloar akaenda, Dylan Shiel akaenda, hata Jeremy Cameron mwishoni akaenda. Lakini kila aliyeondoka walipata kitu mkononi, na ile nguzo ya kati, Ward, Davis, Coniglio, Greene, Whitfield, Josh Kelly, ilibaki pamoja miaka na miaka.

Suns walijirekebisha walipobadili hilo hasa. Baada ya 2019 ligi iliwaongezea msaada, wakawachagua Matt Rowell na Noah Anderson, nafasi ya 1 na ya 2 drafti ya mwaka huo, marafiki waliocheza pamoja tangu wadogo. Wakaimarisha akademi yao ya vijana wa Queensland, mwaka 2023 wakachukua vijana wanne wa akademi kwenye raundi ya kwanza, yaani watoto ambao nyumbani kwao ni hapohapo. Akaja kocha Damien Hardwick aliyekuwa na mataji matatu na Richmond. Na 2025, msimu wa 15, ndo wakaingia nane bora kwa mara ya kwanza, wakaenda Perth wakaitoa Fremantle kwa pointi moja. Ile pointi moja ya ushindi aliipiga David Swallow. Huyo alichaguliwa namba 1 mwaka 2010, kabla klabu haijacheza hata mechi moja ya ligi kuu, na alikaa kipindi chote, misimu ya ushindi 3, 8, 10, 4, 3, hakuondoka. Mwaka huohuo Rowell akachukua Brownlow. Mi nikiulizwa klabu changa inajengwa na nini nalitaja jina la Swallow kwanza.

Turudi kwa baba mtoto. Namwelewa, hakuna mzazi anayefurahi kumwona mwanae anapigwa. Ila hiyo ya kwamba klabu kongwe ni salama sio kweli. Klabu ya Melbourne ilianzishwa 1858, ndo kongwe kuliko zote, na Julai 2011, msimu uleule Suns wanaanza, ilipigwa na Geelong kwa pointi 186. Zaidi ya kipigo chochote walichopata Suns mwaka ule! Kocha wao akafukuzwa kesho yake. Na ilichukua miaka kumi wakawa mabingwa, 2021. Kwa hiyo umri wa klabu haukwambii sana, na halafu kwenye klabu inayoshinda kuna swali baba anatakiwa aulize kabla: mtoto atacheza? Mara nyingi nimeona kijana anahamia kwenye ushindi anakwenda kukaa benchi, anaingia robo ya mwisho mechi ikiwa imeshaisha, anarudi na medali lakini hajagusa mpira. Huyu wa kwako sasa hivi anacheza mechi nzima, anagombania mipira mingi kila wiki tena dhidi ya wakubwa zaidi. Kwa miaka 15 huo muda uwanjani ni mali.

Sasa utajuaje. Chukua daftari, andika matokeo ya kila robo, usiandike ya mwisho tu. Timu inayokua utaiona robo ya kwanza inapunguza: mwezi wa nne walifungwa magoli sita kwa sifuri, mwezi wa sita wanafungwa manne kwa mawili. Matokeo ya mwisho yanaweza kubaki pointi 100 zilezile kwa sababu bado wanachoka baadae, lakini kuna kitu kimesogea. Angalia pia baada ya kufungwa goli wanafanya nini zile sekunde kabla mpira haujarushwa, wanasogeleana wanaongea au kila mtu anaangalia chini na kumnyooshea mwenzake kidole?

Afu nenda mazoezini siku ya baridi kali, mwezi wa saba, mvua imenyesha, tope. Hesabu vichwa. Hii kwangu ni muhimu kuliko Jumapili yoyote. Kama watoto walikuwa 24 mwezi wa tatu na bado wapo 21 au 22, hiyo klabu ina uhai hata kama haijashinda. Kama wamebaki 13 na Jumapili wanaazima watoto wa rika la chini wajaze timu, hapo kuna tatizo, na mara nyingi tatizo liko kwa watu wazima. Kocha anapiga kelele? Wazazi wanagombana? Kuna mtu wa umri wa miaka 20 hivi aliyecheza mchezo huu anayekuja kuwasaidia, au kocha yuko peke yake anajifunza sheria pamoja na watoto? Muulize kocha swali moja, kwa upole tu, mwambie kocha msimu huu unataka vijana wajue kufanya nini ifikapo mwisho? Anayejua kazi yake atakujibu bila kufikiri sana, tunataka wajue kukamata vizuri, tunataka wajue kutoa mpira kwa ngumi mkono wa kushoto, kitu kama hicho. Akikwambia tunataka kushinda, basi hana mpango.

Kuna kitu kimoja sitaki ulegeze hata kama klabu unaipenda, nacho ni usalama. Timu ikichoka na kuzidiwa ndo watoto wanagongwa vibaya, wanaingia kwenye mpira vichwa vikiwa chini. Mtoto akigongwa kichwa, akaona kizunguzungu, kichefuchefu, akasahau kidogo, anatoka na harudi mechi hiyo kabisa, anakwenda kwa daktari, na kwa utaratibu wa mpira wa jamii hapa Australia hachezi mechi mpaka zipite siku 21 angalau. Kocha yeyote anayesema mrudishe tu yuko sawa, hapo usisubiri mwisho wa msimu, mtoe mtoto siku hiyohiyo. Na kama tofauti ya miili ni kubwa mno kila wiki, klabu ina haki ya kuomba ligi iwashushe divisheni. Sio aibu, ligi za vijana zina divisheni kwa sababu hiyo.

Kuhusu kijana mwenyewe kukataa kula. Usimwambie "ni mchezo tu", kwake sio mchezo tu, kwake ni wenzake na jina lake shuleni. Wala msimfanyie uchambuzi wa mechi kwenye gari mkirudi, wewe na baba yake mnyamaze, mwulize tu anataka kula nini, na kama hataki mwache. Kesho yake ndo mwulize kitu kimoja kidogo kwenye mechi: jana nani alikupa shida, na mara ya mwisho ulipomshika ulifanyaje? Vijana wakianza kuzungumzia kipande kidogo cha mechi wanapata pa kushika. Mwambie pia kwamba watu wa asili ya Afrika kama yeye wapo juu kabisa. Aliir Aliir alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, akacheza Swans hapo Sydney, kisha Port Adelaide, na 2021 akaingia timu bora ya mwaka. Mabior Chol, Msudani Kusini, aliwafungia Suns magoli 44 mwaka 2022 wakati bado wanahangaika. Mac Andrew anayecheza nyuma Suns wazazi wake ni wa Sudan Kusini. Hao wawili wa Suns wamepita kwenye timu iliyokuwa inapigwa na wamecheza.

Kwa hiyo kuhama au kutokuhama: msimhamishe katikati ya msimu, isipokuwa kwa hilo la usalama. Mwacheni amalize na wenzake. Mwezi wa tisa mkae naye, mumuulize yeye kwanza kabla baba hajatoa maoni, anataka kurudi mwakani na rafiki zake wangapi wanarudi. Kama kundi linabaki na kocha anabaki, mwandikisheni tena bila wasiwasi, msimu wa tatu na wa nne ndo utaanza kuona matunda. Kama kocha anaondoka na nusu ya watoto wanaondoka, basi hapo hata mimi ntakwambia mtafutie kwingine, na mtafute klabu ambayo atacheza, isiwe ile inayoshinda tu. Na hilo daftari la robo, ukishajaza mechi nne tano nitumie nilione, ntakwambia wanachokea wapi na umuulize nini kocha.